Usiku namuuguza baba huku nasoma riwaya za vituko vya kihistoria. Je, ninakimbia maisha?

MkeshaWaSaaNane (mwanzisha mada)

Habari zenu wanajukwaa. Nina jambo limenikaa kooni kwa wiki kadhaa, naomba niliweke hapa kwa wapenda vitabu wenzangu, maana nikilisema nyumbani linageuka ugomvi.

Baba yangu alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Upande wote wa kulia umelala. Maneno yanatoka moja moja, mengine hayatoki kabisa, na ukimwangalia machoni unaona anayajua ila yamegoma njiani. Mchana dada yangu mkubwa ndiye anayeshika zamu, usiku ni wangu. Saa nne namlaza, saa sita namgeuza, saa nane namgeuza tena, saa kumi vivyo hivyo, asije akapata vidonda vya kulalia upande mmoja. Katikati ya hapo silali, kwa sababu nikilala usingizi unanibeba mpaka asubuhi. Kwa hiyo nasoma, taa nimeielekeza ukutani isimpige baba usoni.

Mwanzoni nilisoma vitabu nilivyopewa na watu wenye nia njema: vya kutia moyo, vya ushuhuda wa waliouguza wazazi wao. Vilinimaliza. Kila ukurasa ulikuwa chumba kilekile nilichokaa. Nikahamia vichekesho vya siku hizi, navyo havikuniingia. Watu wake wana simu zinazoita, wana madeni, wana mabosi, na kila walipocheka mimi nilikumbuka simu yangu na deni langu.

Kisha nikaokota kitabu cha Jaroslav Hašek kuhusu Švejk, askari wa Kicheki katika jeshi la Austria wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nitawasimulia ukurasa wa kwanza tu mnielewe. Ni mwaka 1914, mrithi wa kiti cha enzi, Franz Ferdinand, ameuawa Sarajevo, dunia inakaribia kuwaka moto. Mama anayemfanyia Švejk usafi anamletea habari kwamba Ferdinand ameuawa. Švejk ameketi anajichua magoti kwa dawa, ana baridi yabisi. Anauliza: Ferdinand yupi? Maana yeye anawajua wawili. Mmoja ni tarishi wa duka la dawa aliyewahi kunywa mafuta ya nywele kwa bahati mbaya, mwingine anaokota kinyesi cha mbwa. Na kwa maoni yake, hakuna kati yao ambaye kufa kwake ni hasara.

Mimi nilikuwa nimetoka kumchua baba magoti dakika chache kabla. Viganja vyangu bado vilinuka dawa. Nilipofika kwenye yale magoti ya Švejk nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa mto wa baba wa akiba. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku tuliyompeleka hospitali. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba baada ya kicheko hicho nilimgeuza baba kwa mikono laini. Usiku mwingine huwa namgeuza kama mtu anayehamisha mzigo, na ninajichukia nikifanya hivyo.

Tangu hapo nasoma aina hiyo tu: historia iliyovurugwa kwa makusudi, wafalme wajinga, majenerali wanaopotea njia, watu wadogo wanaopita katikati ya mambo makubwa wakitafuta supu.

Juzi dada aliamka kunywa maji, akanikuta nacheka. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Baba yuko hivi, halafu wewe uko kwa watu waliokufa zamani. Unajificha." Dada yangu si mtu mbaya. Yeye ndiye anayemwogesha. Ndiyo maana neno lake limenichoma.

Naomba mnijibu kwa dhati. Je, huku ni kukimbia? Na kwa nini vituko vya zamani vinanituliza wakati huzuni ya kweli na vichekesho vya leo vyote vimeshindwa? Mwenye kitabu cha kunielekeza pia namkaribisha.

---

MwalimuWaZamani

Pole sana ndugu kwa kuuguza. Kazi hiyo nimeifanya, naijua uzito wake.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi na ninaweza kukujibu swali la pili. Vituko vya zamani vinakutuliza kwa sababu mwisho wake unaujua. Franz Josef, Kaizari wa Austria wa wakati ule, alishakufa, dola yake ilishavunjika mwaka 1918, yule mpelelezi anayemnasa Švejk kilabuni hawezi kukugusa. Unapomsoma mwenye kilabu anayefungwa jela kwa sababu alisema nzi wamechafua picha ya Kaizari, unacheka bila kuangalia nyuma. Kichekesho cha leo hakikupi hiyo nafasi. Mjinga wa leo bado ana madaraka juu yako, na kesho utamkuta dirishani ukipeleka fomu zako.

Lakini nataka nikuongezee jambo moja. Usidhani waandishi hawa wanatunga sana. Historia yenyewe ndiyo mwenda wazimu. Tarehe 23 Mei 1618, mjini Prague, wakuu wa Kiprotestanti waliingia ofisini mwa magavana wa mfalme, wakabishana nao, kisha wakawatupa nje ya dirisha magavana wawili pamoja na katibu wao. Kimo cha kama mita 21. Wote watatu walipona! Wakatoliki wakasema wamedakwa na malaika, Waprotestanti wakasema wameangukia lundo la samadi. Katibu, Filip Fabricius, baadaye alipewa cheo cha ukabaila na jina la ukoo lenye maana ya "wa Anguko la Juu". Hakuna mtu aliyelitunga hilo, ni jambo lililotokea.

Sasa sikiliza upande wa pili wa dirisha. Tukio hilo lilifungua Vita vya Miaka 30, hadi mwaka 1648, na watu waliokufa kwa vita, njaa na magonjwa ni mamilioni. Mimi nikiwa darasani siruhusiwi kubaki dirishani, lazima niwavushe wanafunzi miaka yote 30. Mwandishi wa vituko ana ruhusa ya kusimama pale pale, watu watatu wakiwa hewani bado, na kukuonyesha kofia zao zinavyopeperuka. Ni ruhusa kubwa hiyo. Sioni kwa nini mtu anayekesha na mgonjwa asipewe dakika chache za kusimama hapo pia.

Mifano mingine ipo mingi. Mwaka 897 Papa Stefano VI alimfukua mtangulizi wake, Formoso, akamvika mavazi ya kipapa, akamkalisha kitini na kumshtaki. Shemasi akawekwa karibu kumjibia marehemu. Marehemu akapatikana na hatia. Nikiwafundisha haya, darasa huangua kicheko, kisha hunyamaza lote kwa pamoja. Nimeusubiri ukimya ule kila mwaka wa kazi yangu.

---

KurasaMiaNne

Samahani, mimi nitasema tofauti, na ninasema kwa upendo.

Nilipopoteza kazi nilisoma kwa miezi mitano. Riwaya za kihistoria, za kuchekesha, moja baada ya nyingine. Watu waliniona mtulivu, wakasema ninajipa moyo. Ukweli ni kwamba kulikuwa na bahasha kumi na nne mezani sijazifungua. Nilizipanga vizuri, kubwa chini, ndogo juu, halafu nikaweka kitabu juu yake. Moja ilikuwa ya mwenye nyumba na nyingine ilikuwa ya kuitwa kwenye usaili. Siku nilipoifungua, tarehe ya usaili ilikuwa imepita kwa wiki tatu.

Cervantes, yule mwandishi wa Kihispania, alilijua hili kabla yetu. Shujaa wake Don Quixote, kabla hajavaa kofia ya chuma, ni mtu aliyeuza mashamba yake anunue vitabu vya mashujaa, akasoma usiku kucha na mchana kutwa mpaka ubongo ukamkauka. Watu wanakumbuka vinu vya upepo alivyovishambulia akidhani ni majitu, mimi nakumbuka mashamba. Niliposoma pale nilifunga kitabu nikaenda kufungua bahasha.

Kwa hiyo ndugu Mkesha, sikuulizi unasoma nini. Nakuuliza ukifunga kitabu unafanya nini. Umewahi kuruka zamu ya kumgeuza mzee? Dawa zake unazihesabu? Kuna jambo lolote unalolijua moyoni kwamba linakusubiri na wewe unalizunguka? Kama majibu yako ni safi, mwambie dada yako kwa upole. Kama si safi, dada yako ameona kitu.

---

KitabuKwapani

KurasaMiaNne, asante kwa kusema wazi, na pole kwa ule usaili. Ila umemtaja Cervantes nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu huyu ndugu.

Mtu aliyeandika onyo lile dhidi ya kupotelea vitabuni alikuwa amekutana na maisha kuliko wengi wetu. Mwaka 1571 alipigwa risasi katika vita vya majini vya Lepanto, mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena. Mwaka 1575 akatekwa baharini, akakaa utumwani Algiers kwa miaka mitano, akijaribu kutoroka na kushindwa, mpaka alipokombolewa mwaka 1580. Baadaye akafungwa jela Hispania, na katika dibaji ya kitabu chenyewe anakizungumzia kama mtoto wa kuzaliwa gerezani. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1605, yeye akiwa mtu mzima wa miaka 57 hivi. Mtu huyo angeweza kutuandikia kilio kurasa mia nane, na tungemsikiliza kwa heshima. Akachagua kumpandisha mzee mwembamba juu ya farasi mwembamba.

Na huyo Hašek wako naye ni vivyo hivyo. Alikuwa askari kweli, akatekwa na Warusi mwaka 1915, aliona vita ile kwa macho yake. Riwaya hii ya Švejk alianza kuiandika mwaka 1921. Mwishoni aliumwa mpaka akawa anasema tu na mtu mwingine anaandika, akafa Januari 1923 akiwa na miaka 39, kitabu hakijaisha. Yaani unachokisoma kando ya kitanda cha mgonjwa, sehemu yake ilitoka kitandani kwa mgonjwa. Mimi nikikumbuka hilo siwezi kuviita vitabu hivi mahali pa kujificha. Waandishi wake walikuwa ndani ya moto kuliko sisi, ila walikataa kuuandika moto kwa lugha ambayo moto uliitaka.

---

MkeshaWaSaaNane (mwanzisha mada)

Nawashukuru wote. KurasaMiaNne, umeniuliza kama mtu mzima, nami nitakujibu kama mtu mzima.

Dawa nazihesabu. Zamu sijawahi kuruka. Lakini wiki iliyopita saa nane ilifika na mimi nilikuwa nimebakiza kurasa nne za sura. Nikajiambia nimalize kwanza. Nilipoinuka ilikuwa saa nane na dakika kumi na moja. Baba alikuwa macho. Hakunilaumu, hana hata maneno ya kulaumu, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa godoro, ameukaza. Alikuwa anajaribu kujigeuza mwenyewe. Nimezihesabu zile dakika kumi na moja mara nyingi tangu siku hiyo. Sasa naweka kengele ya simu, na ikilia naacha hata katikati ya sentensi.

Na jambo ninalolizunguka lipo. Daktari alituambia tukae chini, mimi na dada, tuzungumze kuhusu mwaka ujao utakuwaje. Hatujakaa. Kumbe bahasha ninayo na mimi.

Mwalimu, hilo la kusimama dirishani limenisaidia sana. Nikifikiria vizuri, siendi mahali pasipo na maumivu. Kwenye hivi vitabu watu wana njaa, wana chawa, wanapelekwa vitani kwa amri ya mtu asiyewajua. Maumivu yamejaa. Ila ni maumivu ambayo si mimi ninayetakiwa kuyageuza kila baada ya saa mbili.

---

MuuguziMstaafu

Mwanangu, nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, nyingi kati ya hizo zamu za usiku. Nikuambie tulichokuwa tukifanya saa tisa za usiku wodi ikitulia. Tulikuwa tunacheka. Tulikuwa tunasimuliana mambo ya kipuuzi kabisa, na kengele ya kitanda ikilia tunainuka wote kwa pamoja, uso umeshabadilika. Mwenzetu mmoja hakuwa anacheka kamwe, alikaa na huzuni ya kila mgonjwa. Tulimpenda sana. Hakumaliza mwaka.

Huyo kijana wa bahasha yuko sahihi kuhusu hatari, usimpuuze. Lakini kukimbia na kupumzika havifanani. Kuna kitabu cha zamani cha Boccaccio, mwandishi wa Kiitaliano. Tauni imeingia Florence mwaka 1348, watu wanakufa barabarani, vijana kumi, wasichana saba na wavulana watatu, wanatoka mjini na kusimuliana hadithi kwa siku kumi, kila mmoja hadithi moja kwa siku, hadithi 100. Nyingi ni vichekesho vya matapeli, waume wajinga na watawa watundu. Wengi wanaokisifu kitabu hicho husahau kinavyoisha. Wanarudi mjini. Hakuna aliyewaambia tauni imekwisha, wamepumzika tu, basi wanarudi.

Ninalotaka kukuambia hasa ni hili. Umeandika kwamba ulijifunika uso na mto usicheke kwa sauti. Kwa nini, mwanangu? Unamficha nani? Mtu ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno mara nyingi anaelewa mengi kuliko anayoweza kusema. Nimeona wagonjwa wa namna hiyo miaka yote, watu wanazungumza juu ya vichwa vyao kana kwamba ni samani, na wao wanasikia kila kitu. Baba yako anakusikia ukicheka gizani peke yako usiku baada ya usiku, na hajui kinachokuchekesha. Pengine anadhani ni yeye.

Msomee. Sentensi fupi, polepole, umtazame usoni, ukimaliza tukio moja nyamaza umpe muda. Usimjazie maneno. Kama hicho cha askari ni kirefu, anza na Abunuwasi. Mmemsahau Abunuwasi? Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809, halafu wasimulizi wakamchukua, wakamgeuza mjanja wa kuwatia watu adabu, na akafika kwetu akiwa Abunuwasi wa hekaya. Anaazima sufuria, anairudisha na kasufuria kadogo ndani, anasema imezaa. Mwenyewe anafurahi. Anaazima tena, safari hii harudishi, anasema imekufa. Jirani anakwenda kushtaki: sufuria itakufaje? Basi kama ulikubali kwamba imezaa! Hiyo nayo ni historia iliyovurugwa kwa makusudi, na baba yako bila shaka aliisikia akiwa mdogo. Hadithi anayoijua tayari itampa kazi nyepesi zaidi.

---

KurasaMiaNne

Bibi, nimesoma mara mbili hapo kwenye "pengine anadhani ni yeye." Ndugu Mkesha, leo usiku usingoje.

---

MkeshaWaSaaNane (mwanzisha mada)

Narudi baada ya siku nne, niliahidi moyoni nitaleta majibu.

Usiku wa kwanza nilimsimulia ya sufuria. Nilipofika pale inapozaa, mdomo wake wa kushoto ulipanda. Upande huo tu, upande mwingine haupandi. Aliijua hadithi kabla sijafika mwisho, aliniwahi kwa macho. Bibi, nilishindwa kuendelea nikaenda kuosha uso.

Usiku wa pili dada alitusikia akaja. Hakusema lolote kuhusu kujificha. Alikaa upande wa miguuni, akaanza kumchua baba magoti wakati mimi nasimulia. Tukikaa hivyo, baba amelala katikati yetu, tuliongea kidogo kuhusu lile la daktari. Kidogo tu. Jumamosi tutaongea tena.

Jana ndipo nilipothubutu kumletea Švejk. Nilifanya kama nilivyoelekezwa, sentensi fupi, kwa maneno yangu. Mtu amekaa anajichua magoti. Hapo baba akayaangalia magoti yake. Mama wa usafi anakuja na habari, Ferdinand ameuawa. Mtu anauliza, Ferdinand yupi? Wako wawili. Mmoja alikunywa mafuta ya nywele. Mmoja anaokota kinyesi cha mbwa. Dada alikuwa anacheka huku ameziba mdomo.

Nikanyamaza kumpa baba muda. Muda ukawa mrefu. Nilidhani amelala, nikaanza kuinua mkono niangalie saa. Ndipo akakohoa, akaupanga mdomo wake kama anavyofanya akitaka neno litoke, na likatoka, tena mawili na la tatu juu yake.

"Na wa tatu?"

Dada aliacha kuchua. Nikavuta kiti karibu na kichwa chake, nikamwambia, wa tatu, baba, ndiye aliyeuawa, na kwa sababu yake vita vilianza. Akafunga macho, akatikisa kichwa kuafiki, kisha akainua kidole cha mkono wa kushoto akakizungusha hewani: endelea.